Radi ilipiga Ijumaa, MX ya pili ikatumaliza Jumatatu: uzi wa seva ya barua pepe na kujipanga kwa dharura (Kigoma)

Mgebuka Mkavu (mleta uzi)

Mwakeye wakuu.

Uzi huu nauandika sasa hivi nikiwa nimetulia. Ningeuandika wiki ile ya tukio, wasimamizi wangeufuta kwa matusi.

Mimi ndiye mtu wa kompyuta kwenye ofisi ya wakala wa mizigo hapa Mwanga. Ni ofisi ndogo, watu kumi na wanne. Mzigo unashuka kwa reli au kwa malori, unapanda meli kwenda Kalemie, Bujumbura na Mpulungu. Karatasi zote za mzigo, kuanzia ankara hadi orodha ya vifurushi na vibali, zinatembea kwa barua pepe. Barua ikichelewa siku moja, mzigo unalala bandarini na gharama ya kulala inaanza kuhesabiwa.

Seva yetu iko stoo, nyuma ya makabati ya mafaili. Ni kompyuta ya kawaida yenye Postfix (programu inayopokea na kutuma barua) na Dovecot (inayotunza masanduku ili watu wasome barua zao). Mpango wangu wa dharura niliouweka miaka miwili iliyopita ulikuwa huu: kwenye rekodi za MX, zile zinazoiambia dunia barua za domeni zipelekwe seva ipi, MX 10 ni seva ya hapa Mwanga, MX 20 ni VPS ndogo (seva ya kukodi mtandaoni) niliyoichukua Ulaya. Ya kwanza ikizimika, barua zinaenda ya pili, zinasubiri kwenye foleni, na ya kwanza ikirudi zinashushwa. Nilimchorea bosi kwenye karatasi, akatikisa kichwa, nikajiona nimemaliza kazi.

Ijumaa saa kumi na moja jioni ikapiga radi ile ya ziwani. Wa Kigoma mnazijua. Taa zikazimika, zikawaka, zikazimika tena. Nikasikia harufu ya plastiki inatoka stoo. Swichi imekufa, kiboksi cha faiba kimekufa, adapta yake imevimba kama andazi. Seva yenyewe ilikuwa kwenye UPS, ikapona.

Jumamosi nikiwa nyumbani Gungu nikaingia kwenye VPS kwa bando la simu. Foleni ina barua 90. Jumapili 160. Jumatatu asubuhi 212. Wakuu, nilifurahi. Nilimpigia bosi nikamwambia hakuna barua hata moja iliyopotea, zote zipo zinasubiri. Kumbe najichimbia kaburi.

Jumatatu mchana fundi akabadilisha kiboksi, mimi nikafunga swichi nyingine, seva ikarudi hewani. Foleni ya VPS ikaanza kushuka: 212, 170, 95. Nikamwita bosi aje aone. Tumesimama wote mbele ya skrini kama watu wanaoangalia penalti. Dakika kumi hazijaisha, simu ya kwanza ikaingia kutoka Kalemie: "Mbona mmenirudishia barua zangu? Mmefunga ofisi?"

Nikafungua logi ya VPS. Mstari baada ya mstari: 550, imekataliwa, SPF. Seva yangu ya Mwanga ilikuwa inakataa barua kutoka kwenye VPS yangu mwenyewe. Na VPS, kwa kuwa ni mtiifu, ikikataliwa kwa 550 haijaribu tena. Inaandika barua ya "imeshindikana" na kumrudishia aliyetuma.

Sababu niliielewa usiku. Mwaka jana barua taka zilizidi, nikaongeza ukaguzi wa SPF kwenye seva ya Mwanga. SPF inauliza swali moja: hii anwani ya IP inayoniletea barua, je, mwenye domeni ameiruhusu? Mteja wa Bujumbura ameruhusu seva zake yeye, hajawahi kusikia habari za VPS yangu. Kwa hiyo barua yake ikipita kwangu MX 20 kisha ikaja MX 10, kwa macho ya SPF ni barua ya tapeli. Wateja waliomalizia rekodi yao kwa ~all (tilia shaka tu) walipita. Waliojipanga vizuri, waliofunga kwa -all (kataa kabisa), ndio waliorudishiwa. Yaani wateja makini ndio niliowatukana.

Hilo moja. La pili: karibu nusu ya zile 212 zilikuwa takataka zilizotumwa kwa majina yasiyokuwepo ofisini kwetu. VPS haikuwa na orodha ya watumiaji, ilipokea kila kitu. Seva ya Mwanga ikazikataa, VPS ikawarudishia "watumaji", ambao anwani zao zilikuwa za kughushi, za watu wengine kabisa. Kufikia Jumanne IP ya VPS ilishaingia kwenye orodha nyeusi ya watuma barua taka.

La tatu linachekesha. Jumamosi nilitaka kubadili DNS (kitabu cha anwani cha mtandao, ndimo rekodi za MX zinamokaa). Nikaingia kwenye akaunti ya msajili wa domeni, ikaniambia nimekutumia namba ya uthibitisho kwa barua pepe. Barua pepe ipi? Ya domeni hiyohiyo! Ilikwenda kukaa kwenye foleni ya VPS. Nikaichomoa humo kwa `postcat -q`, namba nikaisoma katikati ya vichwa vya barua, nikaiingiza ikiwa imebaki dakika moja kuisha muda.

Hapo ndipo nilipofika. Nataka kuupanga upya mfumo mzima. Wenye uzoefu karibuni, hasa wenye seva nje ya Dar, maana ushauri mwingi wa mtandaoni unaandikwa na watu ambao umeme kwao haukatiki.

---

Chai ya Rangi

Mkuu pole, lakini mbona unajitesa? Hamieni kwa Google au Microsoft mlale usingizi. Mwaka huu bado kuna mtu anafuga seva stoo?

---

Mgebuka Mkavu

@Chai ya Rangi nililitarajia hilo, na sikatai kwamba kwa ofisi nyingi ndilo jibu sahihi. Kwetu bosi hataki malipo ya kila mwezi kwa kila kichwa, tena kwa dola. Na intaneti ikikatika hapa, watu wa ghala na wa mapokezi wanaendelea kusomeana barua za jana na kutumiana za ndani. Ukiwa Kigoma hilo si dogo. Tulikaa miaka na majenereta ya dizeli kabla gridi ya Taifa haijatufikia, tumezoea kufikiria "kikikatika je" kabla ya "kikiwepo".

---

Binti wa Katonga

Samahani wakuu, mimi ni wa stationery tu hapa Ujiji ila nina domeni yangu ya biashara na huu uzi umenigusa. Hiyo MX 10 na MX 20 ni nini hasa? Kubwa ndiyo yenye nguvu?

---

Nyuki wa Isevya

Mwangaluka wakuu, Tabora hapa.

Dada @Binti wa Katonga, ni kinyume: namba ndogo ndiyo inayotangulia. Mtu akikuandikia barua, seva yake inauliza DNS, "barua za domeni hii napeleka wapi?" DNS inajibu kwa orodha yenye namba. Anaanza na ndogo, isipopokea anakwenda inayofuata. Ni kama uko stesheni ya Tabora: gari la Kigoma likiwepo unapanda hilo, lisipokuwepo unatafuta basi. Namba zenyewe hazina uzito zaidi ya mpangilio. Ingekuwa 1 na 2 au 10 na 500, ni sawa tu.

Sasa nije kwa mleta uzi. Ndugu yangu, nitasema jambo litakalokuudhi. Kosa lako halikuwa SPF. Kosa lako ni kuwa na kitu cha dharura ambacho hakifanyi kazi siku za kawaida. Kwa miaka miwili MX 20 imekaa haina shughuli, haijulikani inajua nini na haijui nini. Mwaka jana ukabadilisha sheria za nyumba, mlinzi wa mlango wa nyuma hukumwambia.

Kabla hujaijenga upya, jiulize kama unaihitaji. Seva ya mtumaji yenyewe ni foleni. Ikikukuta umezimika haimrudishii mtu barua palepale, inasubiri na kujaribu tena. Kanuni ya SMTP (lugha ambayo seva zinapitishiana barua), RFC 5321 ya mwaka 2008, inasema mtumaji asikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Postfix imewekwa siku 5 tangu kiwandani. Usingekuwa na MX 20 kabisa, zile barua zako halali zingesubiri kwa wateja wenyewe, na Jumatatu mchana zingeanza kuingia zikitoka kwenye IP zao halisi, SPF ikikubali, bila hata mtu wa Kalemie kujua kwamba ulipigwa na radi. MX yako ya pili ilikuletea hasara ambayo ungekuwa huna kama usingekuwa nayo.

---

Mgebuka Mkavu

Mkuu @Nyuki wa Isevya hilo limeniuma lakini ni kweli. Swali langu: nikiiondoa, siku nyaya zikikatika wiki nzima? Na wateja wanaokaa kuangalia kama barua imefika? Wengine mfumo wao unawaandikia baada ya saa chache kwamba "barua yako imechelewa, tunaendelea kujaribu", na wao wakiona hivyo tu wanampigia mshindani wangu.

---

Nyuki wa Isevya

Ndiyo maana nasema geuza mpango, usiurekebishe.

Kwetu natunza barua za ushirika mmoja wenye ofisi Tabora mjini na vituo vya vijijini. Nilipigwa na jambo kama lako, ila kwangu ilikuwa greda la barabarani lililochimba faiba. Tangu hapo seva ya Tabora haipo kabisa kwenye MX. Haijulikani duniani. Mlango wa mbele ni VPS iliyoko Dar, kwenye jengo lenye jenereta na faiba za kampuni zaidi ya moja. Kila barua, siku zote, inapokelewa huko, inakaguliwa huko, kisha inasukumwa Tabora kupitia VPN (njia ya siri kati ya seva hizo mbili). Tabora ikizimika, barua zinasubiri mlangoni. Ikiwaka, zinashuka. Hakuna "kuhamia" kokote, kwa sababu njia ya dharura ndiyo hiyohiyo ya kila siku. Ikiharibika nitajua Jumanne saa nne asubuhi, watu wakilalamika. Sisubiri mvua ije iniambie.

Mambo matatu ambayo ukiyakosea utarudi kulekule:

Kwanza, mlango wa mbele ujue majina ya watu wote wa ndani. Kwenye Postfix ni `relay_recipient_maps`. Ukiiacha tupu inapokea jina lolote, ndiyo hiyo iliyokuweka kwenye orodha nyeusi. Mimi nina skripti inatoa orodha kutoka seva ya ndani kila saa na kuipeleka VPS. Mtu asiyekuwepo anakataliwa mlangoni, mtumaji akiwa bado "yuko kwenye simu". Hapo hakuna barua ya kurudisha.

Pili, ukaguzi wote wa SPF na barua taka ufanyike mlangoni TU. Ndani usikague tena. Ukishapokea mzigo umeupokea, ukija kuukataa chumbani unamrudishia nani? Weka anwani ya VPN ya VPS ndani ya `mynetworks` (orodha ya wanaoaminika) ya seva ya ndani, na hakikisha `permit_mynetworks` imetangulia mstari wa SPF. Mpangilio wa mistari hiyo ndiyo sheria yenyewe, inasomwa juu kwenda chini.

Tatu, kwenye `transport` ya VPS (jedwali la wapi barua zisukumwe) andika anwani ya ndani ikiwa kwenye mabano mraba, hivi:

`domeniyako.co.tz smtp:[10.8.0.2]`

Mabano hayo si mapambo. Yanamwambia Postfix asiulize MX, aende moja kwa moja. Ukiyasahau atauliza MX, atajikuta ni yeye mwenyewe, na barua itarudi na ujumbe kwamba inazunguka. Nililipia hilo usiku mmoja mzima.

---

Fundi Nguzo

Mnazunguka mbali. Si unabadilisha tu rekodi ya MX siku ya tatizo, inaelekea seva nyingine? Dakika mbili.

---

Nyuki wa Isevya

@Fundi Nguzo dakika mbili kwako. Kwa wengine inategemea TTL, yaani muda ambao dunia imeruhusiwa kukumbuka jibu la zamani. Ikiwa TTL ni 86400, hiyo ni siku nzima. Aliyeuliza nusu saa kabla ya radi atakumbuka jibu la zamani mpaka kesho jioni. Na huwezi kuishusha baada ya tukio, maana hata hiyo TTL mpya hawajaiona. Ishushwe mapema, 300 au 600, ikae hivyo siku zote.

Pia muulize mleta uzi aliipataje namba ya kuingilia kwenye akaunti ya DNS 😂

---

Binti wa Katonga

Nimeenda kuangalia yangu sasa hivi. Akaunti ya domeni nimeiandikisha kwa info@ ya domeni yenyewe. Nimebadilisha, nimeweka Gmail yangu na namba ya simu. Asanteni, mngenikuta nalia.

---

Mgebuka Mkavu

Mpango wa @Nyuki wa Isevya nimeuelewa. Swali la kutoka: barua tunazotuma sisi. Faiba ikikatika nina modemu ya laini ya simu. Intaneti inakuja, lakini barua zikitoka kwa njia hiyo zinakataliwa au zinaangukia kwenye barua taka. Kuna mteja mmoja hakuiona nukuu ya bei wiki mbili.

---

Nyuki wa Isevya

Lazima zikataliwe. IP ya laini ya simu umechangia na mamia ya watu, haina PTR (rekodi inayosema IP hii ni ya jina gani) yenye jina lako, haimo kwenye SPF yako, na nyingi ya IP za aina hiyo ziko kwenye orodha ya Spamhaus inayoitwa PBL, ambayo inasema tu kwamba hapa si mahali pa seva ya barua. Na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza: kila mtumaji awe na SPF au DKIM (saini ya domeni ndani ya barua), na IP yake iwe na PTR inayolingana na jina.

Dawa ni ileile. Toka kwa mlango wa mbele. Kwenye seva ya ndani weka `relayhost = [10.8.0.1]`, yaani VPS upande wa VPN. Mtu wa nje anaona IP moja tu siku zote, iwe uko kwenye faiba, modemu, au umebeba seva kwenye bajaji kuipeleka nyumbani kwako Gungu. WireGuard (programu ya kutengeneza hiyo VPN) inafaa hapa kwa sababu ndani ndiye anayeanza kupiga simu, hata ukiwa nyuma ya IP ya kuchangia anapita. Weka `PersistentKeepalive = 25` ili njia isijifunge ikikaa kimya.

Ila kabla hujalipia VPS, waulize kama bandari 25 ya kutoka iko wazi. Makampuni mengi ya wingu yameifunga, Google Cloud wamo. Na uliza kama watakuwekea PTR. Wakisema hapana, tafuta wengine.

---

Mzee wa Bangwe

Vijana, mnajenga mlango mmoja wa mbele. Na huo ukianguka? Mmesahau Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja huko pwani ya Afrika Kusini. Mimi nilikuwa na seva Ulaya. Ilikuwa nzima kabisa, inapumua, ila mimi nikiwa hapa siioni. Kwa waliokuwa Ulaya tovuti yangu ilikuwa hewani. Kwangu mimi mwenye mali haikuwepo.

---

Mgebuka Mkavu

Shikamoo mzee. Naikumbuka, hata ujumbe wa WhatsApp ulikuwa unazunguka dakika nzima.

Kwa hiyo milango iwe miwili: MX 10 Dar, MX 20 nje ya nchi, yote miwili na orodha ileile ya majina na ukaguzi uleule. Safari hii ya pili isiwe mtoto wa kambo.

---

Mzee wa Bangwe

Marahaba. Hapo sawa. Na wanaotafuta njia ya kupenyeza takataka huwa wanaigonga makusudi ile yenye namba kubwa, wakiamini imelegea. Kwa hiyo MX 20 itakuwa na kazi kila siku, hilo usihofu.

Nyongeza: nakala za barua zenyewe usizipeleke nje bila kufikiri. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Foleni ya saa chache ni jambo moja, sanduku lote la mhasibu na pasipoti za wateja ndani yake ni jambo jingine. Nakala iweke Dar.

---

Mgebuka Mkavu

Wiki sita baadaye, nimerudi na mrejesho.

Milango miwili ipo. Seva ya Mwanga imetoka kwenye MX. Barua zinaingia na kutoka kupitia Dar, na hata kwa siku zote za umeme wa kukonyeza hakuna mteja aliyerudishiwa kitu.

Nikaongeza hatua moja ambayo hatukuijadili. Foleni inalinda barua zisipotee, lakini mtu wa mapokezi haisomi foleni. Seva ya Mwanga ikiungua kabisa, watu wanahitaji kusoma barua zao mahali. Kwa hiyo VPS ya Dar ina Dovecot pia, na kila dakika tano `doveadm sync` inalinganisha masanduku ya pande zote mbili. Wenye Dovecot mpya ya 2.4 mjue ile replikesheni ya kujiendesha yenyewe imeondolewa, mimi naiita kwa cron (ratiba ya kompyuta). Mwanga ikifa, nabadilisha mstari mmoja kwenye `transport` ya Dar, badala ya kusukuma Mwanga iweke palepale:

`domeniyako.co.tz lmtp:unix:private/dovecot-lmtp`

Kisha `postmap`, `postfix reload`, na `postqueue -f` ili zilizokuwa zinasubiri zijaribiwe upya. Kule Ulaya mstari wa `transport` unaelekezwa Dar. Halafu jina la `imap` kwenye DNS, lile ambalo simu na kompyuta za watu zinasomea barua, linahamia IP ya Dar, TTL 300.

Jumamosi iliyopita tukafanya zoezi. Saa nane mchana, bosi mwenyewe ndiye aliyechomoa waya wa seva, nilimpa heshima hiyo. Nikaanza kuhesabu.

Dakika ya 4 barua zinaingia Dar. Dakika ya 9 jina limehama. Nikasema mchezo umekwisha. Simu zote za ofisi zikaanza kulia: cheti si sahihi, usiendelee. Cheti cha Let's Encrypt (kinachothibitisha kwamba seva ni ya jina hilo kweli) kilikuwa Mwanga peke yake. Nikajaribu kukitoa upya Dar, kikakataa, kwa sababu uthibitisho wa kawaida unataka lile jina liwe tayari linaelekea kwenye seva inayoomba, na jibu la DNS walilolipata Let's Encrypt lilikuwa bado ni IP ya zamani. Nikasubiri, nikaomba tena, kikatoka dakika ya 23. Sasa nimehamia uthibitisho wa rekodi ya DNS, seva zote mbili zina cheti kabla ya siku ya shida.

Halafu mhasibu. Wote wanasoma barua, yeye hasomi. Nimehangaika na kompyuta yake robo saa, nikidhani ni DNS, ni fayawoli, ni virusi. Kumbe kwenye mipangilio yake, sehemu ya jina la seva, mtu aliandika 192.168.1.10. Namba ya ndani ya stoo! Mtu huyo ni mimi, nilipomfungia kompyuta siku yake ya kwanza kazini. Sikusema kitu, nilibadilisha nikaondoka.

Kurudi ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Nilichofanya ni kutokuwa na haraka: waya umerudi, lakini sikuurudisha mstari wa `transport` mpaka `doveadm sync` imemaliza kushusha zile za dharura na nimehesabu sanduku moja moja. Jumatatu ile baada ya radi nilikosea hapo, niliwasha tu na kushangilia.

---

Chai ya Rangi

Umenifundisha mkuu, ingawa bado nasema kwa Google ungekuwa umelala. Swali: hiyo sync ndiyo bakapu yako?

---

Mgebuka Mkavu

Hapana. Mhasibu akifuta folda Mwanga, dakika tano baadaye imefutika na Dar. Bakapu ni diski ya nje, nakala ya kila usiku, na Ijumaa naenda nayo nyumbani.

---

Fundi Nguzo

Nimekubali yaishe kuhusu TTL. Ila mimi ni mtu wa umeme na nimesoma uzi wote hakuna aliyeuliza: radi iliingilia wapi? Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Kama kiboksi cha faiba na swichi vimeungua vyote, imepita kwenye waya wa umeme au kuna waya wa shaba unatoka nje.

---

Mgebuka Mkavu

Kuna waya wa mtandao unatoka kwenye swichi kwenda kamera ya getini, umepita juu ya paa la bati.

---

Fundi Nguzo

Na umeunga kwenye nini ardhini?

---

Mgebuka Mkavu

Haujaungwa.

---

Fundi Nguzo

Swichi mpya bado iko kwenye waya huohuo?

---

Mgebuka Mkavu

Nimeuchomoa sasa hivi. Mkuu, njoo PM tupange, Alhamisi asubuhi niko ofisini, njia ya Lumumba ukishapita mzunguko uniulizie.